Mama Futi na Shingo ya Trela

“Masere, kila siku unapimaka ukubwa. Uzito unapimaka lini?”

Swali hilo Jacinta Nafula aliulizwa na jirani yake Bernadette, wakiwa kwenye ngazi za jengo wanaloishi pale Xiaobei, Guangzhou, kila mmoja na mfuko wake wa mboga mkononi. Ni miaka mitatu sasa. Bernadette ni mtu wa Lubumbashi, na “masere” ni neno lake la kumwita rafiki; ananunua mashuka na mapazia na kuyapeleka kwao. Siku hiyo alikuwa ameshinda akimtazama Nafula akipima katoni zake, urefu, upana, kimo, bila hata mara moja kuinyanyua katoni kuona kama ni nzito ama nyepesi.

Nafula alicheka. “Uzito ni mambo ya ndege, dada. Meli haikuulizi uzito. Meli inakuuliza unachukua nafasi gani.”

“Hata nikiweka mawe?”

“Weka mawe. Mradi katoni ifungike.”

Wakacheka wote wawili, wakaendelea kupanda, na mambo ya uzito wakayaacha palepale kwenye ngazi.

Pale jengo la Tianxiu Dasha, kwenye ofisi ya mizigo anakofanya kazi, Nafula wanamwita Mama Futi, kwa sababu futi kamba haimtoki shingoni. Hata Jumapili akienda misa kwenye lile kanisa la mawe huikunja akaitia mkobani, karibu na rozari. Ana miaka hamsini na mbili. Kwao ni Chwele, Bungoma. Shule aliishia darasa la saba, akauza mitumba Kitale miaka tisa, na alipochoka kuuza nguo zilizovaliwa na wengine akafuata mpya zinakotoka. Alikuja kununua, akarudi, akaja tena, mwishowe mwenye ofisi ya mizigo akaona jinsi anavyopanga bidhaa kwenye katoni, akamwambia abaki amsaidie kazi.

Ugomvi wa Nafula haukuwa na mtu, ulikuwa na hewa. Wateja wa melini hulipia mita za ujazo, na yeye hakuweza kuvumilia kuona mtu wa Mungu analipia hewa ivuke bahari. Sufuria aliijaza vijiko. Kiatu alikijaza soksi. Friji ilisafiri na nguo za watoto ndani yake, na sanduku liliingia ndani ya sanduku, na ndani kabisa kukawa na mikoba. Mzigo uliodhaniwa mita tatu, yeye aliutoa mita mbili na robo.

“Mama Futi,” mteja mmoja wa Nairobi alimtania, “angalia usinijaze na mimi.”

“Wewe nikutafutie nini cha kukujaza? Lakini hapo kichwani pana nafasi ya dazeni mbili za leso.”

Ndivyo alivyo. Mpole, lakini ukimchokoza atakujibu.

Sasa Nafula ana mdogo wake, kitinda mimba, anaitwa Dismas. Huyu ndiye Nafula aliyekuwa akimbeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Dismas alisoma, akawa tabibu wa macho, na kwa miaka mingi amekuwa akizunguka shule na makanisa ya upande wa Mlima Elgon na masanduku matatu nyuma ya pikapu yake, anatandika meza chini ya turubai, anapima watu macho. Mvua ikinyesha kazi inakwisha. Akina mama wa kanisa lao wakaona hili jambo linahitaji nyumba inayotembea. Wakachanga, wafadhili wakaongeza, na ikaamuliwa trela litengenezwe Guangzhou, kwa sababu dada mtu yuko huko na ana jicho.

Trela lenyewe si lile la kufungwa kwenye ndoano nyuma ya gari. Hili lina shingo. Sehemu ya mbele imeinuka, inapita juu ya bodi ya nyuma ya pikapu, na chini ya shingo kuna pini inayoketi kwenye sahani ya chuma iliyofungwa palepale pikapu inapobebea mizigo. Ni kama yale malori marefu ya barabara ya Mombasa, ila dogo. Dismas alilitaka la namna hiyo kwa sababu aliambiwa halitikisi mkia kwenye kona, na kona za kwao anazijua.

Karakana iko Huadu, mbali kidogo na mji. Mwenye karakana ni mama mmoja wa makamo, Bibi Mo, ambaye kila ukimwambia jambo hujibu “mei wenti”, yaani hakuna shida. Nafula alikwenda kwake mara tano. Mara ya kwanza alionyeshwa mchoro, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye shingo.

“Hapa ndani ya shingo mmeweka nini?”

“Hapo hakuna kitu. Patupu.”

“Patupu pote hapo?” Nafula alitoa futi kamba, akapima kwenye mchoro, akazidisha. Karibu mita tatu za ujazo za hewa! Alisikia kama ametukanwa. “Leta betri hapa. Na tangi la maji, lilete hapa. Halafu mbele ya tangi nitengenezee kabati, mpaka juu.”

“Mei wenti,” akasema Bibi Mo, akampa kalamu atie sahihi kwenye mabadiliko. Nafula akatia.

Kabati lilipokamilika alilijaza. Alikwenda soko la vitambaa la Zhongda siku mbili, akachagua kitambaa cha sare ya akina mama, bluu iliyokolea isiyochuja, na majora yakaingia kwenye shingo, moja juu ya jingine, mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti. Alifurahi sana siku hiyo. Aliwaona wale mama wakisimama kando ya trela siku ya kulibariki, wote rangi moja. Naye alijiona kati yao, maana alikuwa amekusudia kupanda ndege akalipokee Mombasa, aketi kiti cha nyuma cha pikapu mpaka Kitale. Miaka minne hajafika nyumbani.

Padre alishatangaza tarehe. Meli ilikuwa ya Ijumaa. Jumanne, Nafula akaenda Huadu kwa ukaguzi wa mwisho, na Bernadette akafuatana naye, kwa sababu hakuwa na kazi, na alitaka kuona hilo trela ambalo jirani yake anaota nalo.

Lilikuwa zuri, kusema kweli. Jeupe, na msalaba mdogo wa buluu mlangoni. Kiti cha mgonjwa, meza ya miwani, chati ya herufi ukutani, sinki. Bernadette aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, akafumba jicho moja, akasoma herufi zote mpaka za chini.

“Weye umechungulia kwa jicho la pili,” Nafula akamwambia.

“Mi niko na macho ya tai. Andika hivyo.”

Kisha Nafula akaomba lifungwe kwenye gari, apige picha ampelekee Dismas. Kwa bahati karakana ilikuwa na pikapu ya aina ileile ya Dismas, ya milango minne, yenye sahani ya kuungia. Fundi mkuu, mzee Peng, akairudisha nyuma taratibu, pini ikaingia kwenye sahani ikalia klak, akaanza kuizungusha miguu ya trela kuiinua ili shingo ilikalie gari.

Gari likaanza kushuka nyuma. Likashuka, likashuka tena. Magurudumu ya nyuma yakapotelea ndani ya mabawa yake, na upande wa mbele ukainuka mpaka taa zikawa zinaangalia dari. Vijana wa karakana wakacheka.

“Angalia,” Bernadette akasema, “gari linasali. Limeinua macho mbinguni.”

Nafula hakucheka. Alikuwa ameinua simu apige picha, na picha ilikuwa pale kwenye kioo, gari limekaa kama mbwa aliyevunjika kiuno. Ndipo sauti ya Bernadette ya miaka mitatu iliyopita ikamrudia, ya pale kwenye ngazi. Uzito unapimaka lini?

“Bibi Mo,” akauliza, “hii shingo ina kilo ngapi?”

“Mei wenti. Pikapu hii inavuta tani tatu na nusu. Trela halifiki tani tatu.”

“Sikuuliza kuvuta. Nauliza hapa.” Akaweka kiganja juu ya ukingo wa bodi ya pikapu, palipokuwa pamebanwa. “Hapa panabeba kilo ngapi?”

Bibi Mo akamtazama mzee Peng. Mzee Peng akatazama viatu vyake. Hakuna aliyepima. Kila mtu alikuwa amejua kipimo chake, Nafula mita zake na Bibi Mo tani zake za kuvuta, na hapo katikati hapakuwa na mtu.

Mwisho wa mtaa huohuo kuna yadi ya vyuma chakavu yenye mizani ya malori, bamba kubwa la chuma lililolala chini usawa wa barabara. Nafula akasema twende. Bibi Mo akasema mei wenti, safari hii kwa sauti ndogo. Mzee Peng akaendesha polepole sana, wao wakafuata kwa miguu nyuma kama watu wa msiba.

Nafula ndiye aliyepanga upimaji, maana kupima ni kazi yake hata kama si kwa kilo. Kwanza pikapu peke yake juu ya mizani, dereva akashuka: kilo 2,215. Kisha wakaifunga na trela tena, pikapu ikapanda mizani lakini magurudumu ya trela yakaachwa nje ya bamba, barabarani: 3,060. Kisha wakasogeza vyote viwili vikae juu: 4,915. Aliandika kwenye mgongo wa karatasi ya orodha ya mizigo, akatoa, akatoa tena kuhakikisha. Trela zima lilikuwa kilo 2,700. Na katika hizo, 845 hazikukaa kwenye magurudumu ya trela hata kidogo. Zilikuwa mgongoni mwa pikapu.

Kenya ilikuwa asubuhi, saa nne. Alimpigia Dismas kwa video.

“Dada! Imekamilika? Nionyeshe.”

“Kwanza fungua mlango wa dereva. Kuna kibandiko hapo kwenye nguzo. Nisomee.”

“Kibandiko cha nini? Dada, hii gari inavuta tani tatu na nusu, nilikuambia, iko kwenye kitabu.”

“Kuvuta nimesikia. Kubeba, je?”

“Kubeba nini? Trela iko na magurudumu yake.”

“Magurudumu yako nyuma. Shingo imekulalia wewe. Nisomee, Dismas.”

Akasikika akifungua mlango, akipangusa vumbi kwa mkono. Gari likiwa na kila kitu, watu na mizigo, lisizidi kilo 3,020. Nafula akatoa 2,120 za gari tupu, yaani zile 2,215 kasoro sahani ya kuungia, tisini na tano. Zikabaki mia tisa.

“Mia tisa, na shingo ni mia nane arobaini na tano,” Dismas akasema kwa furaha. “Si imetosha? Imebaki hamsini na tano.”

“Wewe mwenyewe una kilo ngapi?”

Dismas akavuta tumbo ndani.

“Dismas?”

“Tisini na mbili.”

“Basi wewe tu umeshazidi. Na Kibet dereva? Na Hannah muuguzi?”

Kibet alikuwa karibu, akasikika akipiga kelele kwamba yeye ni sabini na moja na hajala. Hannah alikuwa sitini na tatu. Hao watatu 226. Nafula akaendelea kumuuliza mdogo wake kimoja kimoja, kama anavyowauliza wateja katoni zao. Ile sahani ya kuungia na fremu yake? Tisini na tano. Ile ngao ya chuma uliyofunga mbele? Arobaini na tano. Gurudumu la akiba la pili, vifaa, dumu la mafuta? Tuseme hamsini. Vyote hivyo pikapu imevibeba kabla trela halijaigusa. Mia nne na kumi na sita. Kati ya mia tisa zilibaki 484 za shingo, na shingo ilikuwa 845. Ilizidi kwa 361.

“Kilo mia tatu na kitu,” Dismas akasema. “Dada, hapa watu wanabeba zaidi ya hiyo kila siku ya soko.”

“Najua wanabeba. Nakuuliza wewe, kwenye ule mteremko wa Kapsokwony.”

Dismas akaurudisha mlango wa gari. Kisha akasema polepole, “Kuna siku nilibeba viazi vya Baba Hannah. Nilikuwa nakata kona, usukani ukawa mwepesi mkononi. Mwepesi kabisa, kama wa gari la mtoto la kuchezea. Nikakata, gari halikukata.” Akakohoa. “Hiyo sikukuambia.”

Nafula aliketi juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale yadi. Bernadette akaja akasimama karibu yake. Mchoro wa kwanza, ule aliouonyeshwa na Bibi Mo, ulikuwa na betri katikati, juu ya magurudumu, na tangi karibu nazo, na shingo tupu. Mtu aliyeuchora alijua kwa nini ameiacha tupu. Aliyeijaza ni yeye, na sahihi ni yake. Kama angenyamaza, trela lingepanda meli Ijumaa, padre angelibariki kwa tarehe yake, na hakuna ambaye angejua mpaka mteremko uwaambie.

Alisali Salamu Maria moja. Kisha akainua simu.

“Dismas, nisikilize. Karakana haikukosea. Ni mimi. Nilikuta shingo tupu nikaijaza, betri, maji, na vitambaa juu yake. Nilikuwa nakimbiza nafasi. Trela haliji na meli ya Ijumaa.”

“Haliji? Dada, padre ameshatangaza! Nitamwambia nini?”

“Mwambie Nafula alikosea kipimo.”

“Siwezi kumwambia hivyo mbele ya watu.”

“Basi mwambie akiwa peke yake. Lakini mwambie.”

Kwa Bibi Mo haikuwa rahisi. Alikuwa amekwisha kupanga nafasi ya trela jingine kwenye karakana, na akaleta ile karatasi ya mabadiliko, akaonyesha sahihi kwa kidole. “Wewe ndiye uliyesema.”

“Ni mimi,” Nafula akajibu.

Bibi Mo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mtu akikubali haraka hivyo, mwenzake hubaki na maneno mdomoni. Akaikunja karatasi. Siku kumi na mbili, akasema, na gharama ya kuhamisha juu yako. Nafula akakubali.

Hapo akafanya kosa la pili. Kwa vile shingo ilikuwa imemtisha, alisema betri zipelekwe nyuma kabisa, mkiani, tangi nalo huko, mbali na gari iwezekanavyo. Mzee Peng alitikisa kichwa, lakini alipeleka, kwa sababu mteja amesema, na siku ya sita wakaenda tena yadi kupima. Shingo ilikuwa kilo 240. Nafula alipiga makofi.

“Bu xing,” akasema mzee Peng. Haiwezekani.

“Kwa nini? Si ni kidogo? Si ndiyo vizuri?”

Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kichina cha Nafula ni cha sokoni, hakifiki mbali. Akachukua ufagio mrefu, ncha moja akaiweka begani kwa Nafula, ya pili begani kwa Bernadette aliyekuwa amekuja tena, akatundika ndoo ya maji kwenye mpini. Aliisogeza ndoo karibu na Nafula.

“Inaumiza?”

“Inaumiza,” Nafula akasema.

Akaisogeza mpaka kwa Bernadette.

“Aa! Sasa iko yangu yote!” Bernadette akapiga kelele. “Shifu, fundi wangu, mi nimekukosea nini?”

Mzee akaisogeza ndoo nje kabisa, nyuma ya bega la Bernadette, kwenye kipande cha mpini kilichozidi. Ncha ya Nafula ikaruka begani mwake, ikaanza kucheza hewani huku na huku. Mzee Peng akaionyesha kwa kidole, kisha akatikisa nyonga kama mkia wa bata. Vijana wote wa karakana wakacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu. Trela lenye kichwa chepesi hutikisa mkia barabarani, na mkia ukishaanza kutikisika ndio unaoliongoza gari.

Akachukua chaki, akaandika kwenye sakafu: 15, 20. Katika kila mia ya uzito wa trela, kumi na tano mpaka ishirini zikae kwenye pini. Chini ya hapo mkia unacheza. Juu ya hapo pikapu hii haiwezi.

Nafula alizitazama zile namba mbili. Miaka yote aliamini kitu kikiingia mahali kimefika mahali pake. “Sawa, mzee wangu,” akasema. “Weka unapojua wewe.”

Betri zikarudi katikati, juu ya magurudumu, kama kwenye mchoro wa kwanza. Tangi likawekwa kando yazo, na kibandiko kikaandikwa kwa Kiswahili kwa mkono wa Nafula mwenyewe: MAJI YAJAZWE KITUONI, SI BARABARANI. Kabati la shingo liling’olewa. Mzee Peng akauliza kama abakize rafu moja tu, ya vitu vyepesi. Nafula akafikiri. Akawawazia akina mama wa kwao, ambao ni watu kama yeye, wanaoona rafu tupu kama dhambi. Leo wataweka pamba, kesho chupa, mwezi ujao gunia la mahindi. “Hapana,” akasema. “Funga kwa bati kabisa.”

Bernadette alimwangalia. “Mama Futi anafungia hewa ndani ya chumba chake,” akasema. “Nimeona mambo Guangzhou.”

“Nyamaza, mwenzangu. Shika jora.”

Majora ya sare waliyatoa wote wawili, wakayarudisha Tianxiu Dasha, yakapimwa mita kama kawaida na kupakiwa na mizigo ya watu wengine, yatoke Mombasa kwa lori. Hayangefika kabla ya siku ya kubariki. Mwenyekiti wa akina mama alipopata habari alituma ujumbe wa sauti, mrefu, na nusu yake ilikuwa lawama. Nusu ya pili ilisema watavaa walizo nazo, na kwamba Mungu hajali rangi.

Siku ya kumi na mbili wakapima mara ya mwisho. Trela zima, bila maji na bila vitambaa, 2,260. Shingo, 365. Mzee Peng akagawanya kwenye simu yake, akaonyesha: kumi na sita katika mia. Pikapu ikashuka kidogo nyuma, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, na taa zikatazama mbele.

Nafula akapiga picha, akampelekea Dismas. Hakuchelewa kujibu.

“Dada, asante. Nimezungumza na padre. Hakusema kitu kibaya. Alisema atatangaza tarehe nyingine, halafu akaniuliza na yeye gari lake linabeba ngapi, tukaenda tukasoma mlangoni wote wawili.” Akacheka. “Sasa nimefanya kama ulivyosema. Nimeandika karatasi, nitaibandika ndani ya gari. Tuna mia nne themanini na nne, tukitoa shingo, zinabaki mia moja na kumi na tisa. Hizo ndizo za ziada, hakuna mtu wa kuzigusa. Au sio?”

Nafula alikuwa amerudi Xiaobei, saa kumi na moja jioni, watu wanapandisha mikokoteni daraja la miguu. Alisikiliza ujumbe huo mara mbili. Watu walioandikwa kwenye karatasi walikuwa watatu, naye hakuwamo, na haikuwa kwa ubaya. Dismas alijua dada yake anakuja, lakini dada mtu hahesabiwi, yeye hupanda tu. Hata Nafula mwenyewe, siku ile yadi alipomhoji mdogo wake habari ya kila mtu na kila chuma, hakujitaja.

Kwenye mlango wa duka la dawa, chini ya jengo lao, kuna mizani ya kujipimia, ya bure. Ameipita miaka mingi bila kuikanyaga. Alisimama mbele yake akatazama kushoto na kulia, akavua futi kamba shingoni, akacheka peke yake, akairudisha, maana nayo itasafiri. Akapanda na viatu. Akashuka, akapanda tena akiwa ameshika mkoba.

Bernadette alikuwa anatoka ngazini na kapu lake.

“Masere! Leo unapima uzito?”

“Pita, mama. Pita uende zako.”

“Ngapi?”

“Pita!”

Bernadette akapita huku akicheka mpaka barabarani. Nafula akasubiri apotee kwenye kona. Halafu akasogeza simu karibu na mdomo, akabonyeza, akasema:

“Dismas, usiseme za ziada kwanza. Naomba uniandike na mimi kwenye hiyo karatasi. Kilo themanini na tatu, na mkoba wangu kilo sita. Piga hesabu upya, halafu uniambie kama nafasi yangu ipo. Kama haipo, nitapanda basi.”